Waalimu wa Chicago na Shule za Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Jumapili mchana. Wanachama waliomba ichapwe katika gazeti letu ili wale waliokuwa zamu nao waisome.)



Halmashauri ya tawi ilitupa kazi ya kuzungumza leo juu ya waalimu. Sababu mnaikumbuka. Katika mkutano uliopita Katibu alisoma barua ya waalimu wa mtaa wetu. Waliuliza hivi: ikiwa watagoma, je, wafanyi kazi wa reli watasimama pamoja nao, au watakaa kimya? Pakazuka maneno makali. Wengine wetu walisema ya kwamba mfanyi kazi hamtupi mfanyi kazi mwenziwe. Wengine wakajibu, "Waalimu wakigoma, anayeumia si Waziri. Anayeumia ni mtoto wangu." Saa zikaisha kabla hatujapatana, tukatoka mkutanoni tumenuniana.

Hatukuja hapa kuwagombeza wale waliosema neno hilo la pili. Walisema kweli, na sisi wenyewe tumepata kulisema. Mwaka 2012, Jumatatu tarehe 3 Septemba, waalimu wa Kenya waliweka chaki chini, na mgomo ule ulichukua majuma matatu. Walikuwa wanadai mapatano ya mishahara ya mwaka 1997, ambayo serikali iliyakubali kisha haikuyatimiza yote. Wengi wetu tulikuwa vijana, tumeandikwa kazi juzi juzi. Wengine tulikuwa na mtoto wa kwanza aliyeanza shule, na wengine tulikuwa tukiwalipia wadogo zetu. Asubuhi tulikwenda kazini tukawaacha watoto wakicheza kando ya reli, mahali ambapo sisi tunajua hatari yake kuliko mtu ye yote. Na asubuhi hiyo hiyo mtoto wa jirani, anayesoma shule ya kulipia, alipita mbele ya mlango wetu na sare yake na mkoba wake. Mtoto wetu akauliza, "Mbona yeye anakwenda?" Hatukuwa na jibu.

Basi tulifanya nini? Tuliwatukana waalimu. Tulisema ni watu wa tamaa. Hatukukanyaga shuleni hata siku moja kuwauliza wanataka nini. Nao, kusema haki, hawakuja kutuambia. Waalimu upande wao, wazazi upande wao, na mtoto katikati.

Sasa sikilizeni. Juma la pili la mgomo wetu, Jumatatu tarehe 10 Septemba 2012, waalimu wa mji wa Chicago, huko Marekani, nao waligoma. Siku zile zile sisi tulipokuwa tukiwatukana waalimu wetu, wazazi wengi wa Chicago, na wengi wao watu maskini kama sisi, walikuwa wakitembea barabarani pamoja na waalimu wao. Kwa nini kule ikawa hivyo na kwetu ikawa hivi? Swali hilo ndilo tulilojaribu kulichunguza.

MJI WA RELI

Kwanza mjue ya kwamba Chicago ni mji wa reli kama Nairobi. Reli za mashariki mwa Marekani na za magharibi zinakutana pale. Pale ndipo palipokuwa makao makuu ya Kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala abiria. Watumishi wa mabehewa hayo, wale wa kutandika vitanda, kubeba mizigo na kupiga viatu rangi, wengi sana walikuwa watu weusi. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, bila kuuliza mtu jina alilopewa na mama yake. Babu zetu walioitwa "boi" katika reli hii wangelielewa jambo hilo mara moja.

Mwaka 1925 watumishi hao walianzisha chama chao, na kiongozi wao alikuwa A. Philip Randolph. Kampuni ilikataa kukitambua. Wengi walifukuzwa kazi. Walivumilia miaka 12, na mwaka 1937 Kampuni ya Pullman ikatia sahihi mkataba nao. Mwaka huo huo wa 1937 ndipo waalimu wa Chicago walipounganisha vyama vyao vidogo vidogo vikawa Chama cha Waalimu cha Chicago. Kwa hiyo watu wa reli na waalimu wa mji ule ni kama watoto wa rika moja.

Na kabla ya hapo palikuwa na mwalimu mwanamke, jina lake Margaret Haley. Karibu na mwaka 1900 waalimu waliambiwa ya kwamba hakuna fedha za mishahara. Yeye na mwenzake Catherine Goggin hawakulala. Walikwenda kupekua daftari za kodi, wakakuta makampuni makubwa, ya gesi, ya umeme na ya magari ya barabarani, hayalipi kodi yote yanayopasa kulipa. Wakayapeleka mahakamani, wakashinda. Ndugu zetu, shikeni jambo hilo. Mkubwa akisema "fedha hakuna", usianze kulia. Anza kwa kuuliza nani hajalipa.

SHULE ZISIZO SAWA

Huko Marekani shule za serikali hazilipishi karo. Lakini msidhani ya kwamba zote ni sawa. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya mahali penyewe. Maana yake ni nini? Mahali penye nyumba za thamani, kodi ni nyingi, na shule ina maabara, maktaba, uwanja na bwawa la kuogelea. Mahali pa maskini, nyumba ni za bei ndogo, kodi ni haba, na shule ni haba. Mtoto anarithi shule ya baba yake kama vile anavyorithi deni. Jimbo la Illinois, ambamo Chicago imo, lilijulikana sana kwa tofauti hiyo kati ya shule na shule, mpaka mwaka 2017 lilipopitisha sheria mpya ya kugawa fedha za elimu.

Na ndani ya mji wenyewe iko habari ya rangi. Miaka ya 1960 shule za mitaa ya watu weusi zilijaa mpaka watoto wakasoma kwa zamu. Katika mitaa ya Wazungu viti vilikuwa vitupu. Mkuu wa elimu wa mji, Benjamin Willis, badala ya kuwahamishia watoto weusi kwenye viti hivyo, aliwaletea vyumba vya kukokotwa kama matrela, vikawekwa katika viwanja vya shule. Watu waliviita "magari ya Willis". Tarehe 22 Oktoba 1963 watoto zaidi ya 200,000 walibaki nyumbani siku moja kwa kupinga jambo hilo. Kwa hiyo katika Chicago wazazi wenyewe walipata kugomea shule, miaka karibu 50 kabla ya mgomo tunaousimulia. Jambo hilo linaeleza mengi.

Sisi hatuna haki ya kuwashangaa. Wakati wa ukoloni hapa Kenya palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na hata nyumba za reli zilijengwa kwa mpango huo wa rangi. Uhuru uliondoa vibao vya rangi katika milango. Mwaka 2003 serikali ikaondoa karo katika shule za msingi, na watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani wakaingia darasani. Hilo lilikuwa jambo jema na tulilishukuru. Lakini madarasa hayakuongezwa kwa kadiri ya watoto, wala waalimu. Mzazi mwenye fedha akamtoa mtoto wake, akampeleka shule ya kulipia. Mzazi asiye na fedha akabaki. Kibao cha rangi kimekwenda, kibao cha mfuko kimekuja.

Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni tunakumbuka. Hatukuwa na vitu vingi. Kitabu kimoja tulisoma watu wanne. Lakini mtoto wa mkuu wa stesheni na mtoto wa mtu wa kugonga mataruma walikaa dawati moja, na baba zao walikutana katika mkutano mmoja wa wazazi. Paa likivuja, lilimvujia kila mtu, kwa hiyo liliezekwa upesi. Leo mtu mwenye sauti ya kusikiwa ameshamtoa mtoto wake, na paa linaendelea kuvuja.

MATOFALI BILA MAJANI MAKAVU

Twende tena Chicago. Tangu mwaka 1995 sheria ilimpa Meya uwezo wa kuchagua halmashauri nzima ya elimu. Raia hawakupiga kura. Tena zikaletwa shule zinazoendeshwa na watu wa nje kwa fedha za serikali, na waalimu wake kwa kawaida hawakuwa katika chama. Shule za mitaa ya maskini zilizopata alama mbaya katika mitihani zilifungwa, au waalimu wote waliondolewa, na mahali pake ikawekwa shule ya namna hiyo mpya.

Mwaka 2011 Rahm Emanuel akawa Meya. Halmashauri aliyoichagua ilifuta nyongeza ya mshahara ya asilimia 4 iliyokuwamo katika mkataba. Kisha akataka siku ya masomo iongezwe, na mwalimu apimwe kwa alama za mitihani ya watoto wake. Yeye mwenyewe watoto wake walisoma shule ya kulipia. Hatusemi ya kwamba ni dhambi mzazi kumpeleka mtoto wake anapotaka. Lakini mpishi asiyeonja chungu chake hawezi kutuambia chakula kina chumvi.

Siku ndefu ya masomo si jambo baya. Waalimu wenyewe waliuliza: siku ndefu ya kufanya nini? Chama chao kilisema ya kwamba shule kama 160 hazikuwa na maktaba. Vyumba vingi vilikuwa na joto kali mwisho wa kiangazi, wala havikuwa na mashine za kupoza hewa. Wauguzi walikuwa wachache, wakizunguka kutoka shule hadi shule. Karibu watoto 9 katika kila 10 walitoka katika nyumba za kipato kidogo. Wengine walikuja darasani na njaa, na wengine hawakulala usiku kwa sababu ya bunduki mtaani. Halafu mwalimu aambiwe: mtoto huyu akishindwa, kosa ni lako.

Tuliosoma misheni tunaikumbuka habari ya Farao. Aliwaambia Waisraeli watengeneze matofali, kisha akawanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Walipokosa, wasimamizi wao wakapigwa. Na sisi wa reli tunaijua habari hiyo bila Biblia. Gari likichelewa kwa sababu injini ni mbovu na vipuri havikununuliwa, anayeandikiwa barua ni dereva.

JINSI WALIVYOJITAYARISHA

Sasa tumefika mahali penye faida kwetu. Waalimu wale hawakuanza na mgomo. Walianza na kufungwa kwa shule. Mwaka 2008 waalimu wachache walikusanyika ndani ya chama chao kupinga shule kufungwa, kwa kuwa waliona viongozi wa chama wakati ule hawasemi neno. Walikwenda katika kila mkutano ambapo shule ya mtaa fulani ilitajwa kufungwa. Huko waliwakuta akina nani? Wazazi. Wakakaa nao, wakasema nao, wakasimama nao, kabla hawajaomba kitu cho chote kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 2010 watu hao walishinda uchaguzi wa chama, na mwalimu wa kemia, mwanamke mweusi aliyeitwa Karen Lewis, akawa Rais wa chama.

Februari 2012 walitoa kitabu kidogo juu ya shule zinazowastahili watoto wa Chicago. Humo hawakuanza na mshahara. Walianza na idadi ya watoto darasani, wauguzi, maktaba, muziki, michezo, na fedha za kodi zinavyogawanywa. Mzazi akikisoma aliona jina la mtoto wake ndani, kwa namna ya kusema.

Tena sheria ilikuwa imewafunga. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria ya kwamba waalimu wa Chicago hawawezi kugoma mpaka robo tatu ya wanachama wote wakubali. Si robo tatu ya waliopiga kura, bali ya wanachama wote. Aliyelala nyumbani amehesabiwa kuwa amekataa. Walioitunga walidhani ya kwamba wameufungia mgomo mlango. Lakini chama kilikwenda shule kwa shule, mtu kwa mtu, na mwezi wa Juni 2012 karibu asilimia 90 ya wanachama wote walikubali. Sisi katika tawi hili, ndugu zetu, tukitaka kuchagua mweka hazina tu, tunapata watu wangapi?

SIKU TISA ZA SEPTEMBA

Waalimu na wasaidizi wao kama 26,000 waliacha kazi. Watoto kama 350,000 hawakuwa na masomo. Mgomo wa waalimu haukuonekana katika mji ule tangu mwaka 1987. Kila asubuhi walisimama mbele ya shule zao wamevaa fulana nyekundu, na mchana wakakusanyika katikati ya mji.

Je, watoto? Mji ulifungua shule 144 nusu siku, watoto wapewe chakula na mahali pa kukaa. Makanisa na vikundi vya mtaa navyo vilipokea watoto. Palikuwa na wazazi waliokasirika, hatutaki kuwadanganya. Mama anayelipwa kwa saa, akikosa kazi kwa kumlinda mtoto, hapati kitu. Lakini kura za maoni zilizopigwa siku zile zilionyesha ya kwamba wazazi wengi wa shule za serikali walikuwa upande wa waalimu.

Tarehe 16, siku ya Jumapili, viongozi walileta mapatano mbele ya wajumbe wa shule zote. Mapatano yalikuwa mazuri kiasi. Wajumbe walisema nini? Walisema, "Hatukubali wala hatukatai. Tupeni siku mbili tuyasome." Meya alikwenda mahakamani kutaka mgomo uzuiwe, na hakimu hakutoa amri siku ile. Waalimu wakasimama mbele ya shule zao, karatasi mkononi, wakasoma mkataba neno kwa neno pamoja. Tarehe 18 wajumbe wakakubali kurudi, na tarehe 19 kengele zikalia. Mwezi wa Oktoba wanachama wote walipiga kura, na asilimia 79 wakaukubali mkataba.

Tunataka mlipime jambo hilo. Mara ngapi sisi tumesomewa mapatano haraka haraka kama tangazo la stesheni, tukapiga makofi, na mwisho wa mwezi tukaona katika hati ya mshahara kitu tusichokielewa? Mapatano ni mali ya wanachama. Asiyesoma mkataba wake amempa mwingine mfuko wake amshikie.

WALICHOPATA NA WALICHOKOSA

Walipata nyongeza ya asilimia 3 mwaka wa kwanza na 2 kwa miaka iliyofuata. Walizuia mshahara kufuata alama za mitihani. Katika kumpima mwalimu, alama za mitihani zilibaki pale pale sheria ilipolazimisha, wala hazikuzidi. Vitabu viwe mezani siku ya kwanza ya shule. Waalimu zaidi ya 500 waongezwe wa sanaa, muziki, michezo na lugha. Mwalimu aliyepoteza kazi kwa shule kufungwa apate nafasi ya kufikiriwa kwanza mahali pengine.

Lakini watoto darasani hawakupunguzwa kama walivyotaka. Sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kugoma kwa ajili ya idadi ya watoto darasani. Iliwaruhusu kugomea mshahara na marupurupu. Oneni hila hiyo. Unamfunga mwalimu asidai ila fedha, kisha unamwambia mzazi, "Unamwona? Anapenda fedha tu."

Na jambo chungu zaidi likaja baadaye. Tarehe 22 Mei 2013 halmashauri ya Meya ilipiga kura kufunga shule karibu 50 kwa siku moja. Watoto walioguswa walikuwa weusi kwa wingi sana. Wazazi walilia katika mikutano, waalimu waliandamana, na shule zikafungwa. Watoto wadogo wakalazimika kuvuka mitaa ya magenge kwenda shule mpya. Tunalitaja kwa sababu hatutaki mtu ye yote atoke hapa akidhani ya kwamba mgomo mmoja ni dawa ya kila ugonjwa.

Lakini hawakuvunjika. Oktoba 2019 waligoma tena siku 11 za masomo, safari hii pamoja na chama cha wasaidizi wa shule. Wakaweka mezani hata habari ya watoto zaidi ya 16,000 wasio na makao ya kudumu. Wakapata ahadi iliyoandikwa: muuguzi na mfanyi kazi wa ustawi katika kila shule, kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 2021 ile sheria iliyowazuia kujadili idadi ya watoto darasani ilifutwa, na sheria nyingine ikawapa raia haki ya kuchagua halmashauri ya elimu. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Novemba 2024. Karen Lewis alifariki Februari 2021, hakuyaona yote. Mwaka 2023 mtu aliyekuwa mwalimu na mtumishi wa chama hicho, Brandon Johnson, akachaguliwa Meya. Na mwaka 2025 waalimu walipata mkataba mpya bila kugoma hata siku moja.

Kwa hiyo kazi ile ilichukua zaidi ya miaka kumi. Reli ya kutoka Mombasa haikufika Kisumu kwa juma moja.

NENO LA KWETU

Bwana Mwenyekiti, sasa turudi kwenye barua ya waalimu. Maoni yetu ni haya.

Wale waliosema "anayeumia ni mtoto wangu" walisema kweli, lakini kweli yenyewe haikuishia hapo. Mtoto wetu anaumia siku waalimu wanapogoma. Anaumia pia siku wasipogoma. Anaumia akikaa darasani na wenzake 90 na mwalimu mmoja, na choo kimoja kinachosubiriwa na foleni kama ya tikiti za sikukuu. Tofauti ni kwamba maumivu ya mgomo tunayaona kwa sababu mtoto yuko mlangoni. Maumivu mengine hatuyaoni kwa sababu amevaa sare na yuko mbali na macho yetu.

Lakini waalimu nao wana neno la kujibu. Mwaka 2012 hawakutuambia kitu. Mwaka 2015 waligoma tena majuma matano, na tena tukapata habari katika redio. Katika barua yao ya sasa wametaja mshahara na nyumba. Hawakutaja choo. Hawakutaja vitabu. Hawakutaja idadi ya watoto. Hatuwalaumu kwa kudai mshahara. Mwalimu mwenye deni dukani hawezi kufundisha kwa moyo, na sisi tunadai mshahara kila mwaka. Lakini wakitaka tusimame nao, nao wasimame na mtoto wetu.

Kwa hiyo tunaleta mambo manne mbele ya mkutano yapigiwe kura.

La kwanza: tawi liwajibu waalimu ya kwamba tunataka kukutana nao kabla ya mgomo, si siku ya mgomo. Waje hapa ukumbini Jumapili, na wazazi wote wa mtaa waitwe, hata wasio wa reli.

La pili: wazazi na waalimu waandike pamoja hesabu ya shule yetu: watoto wangapi, madawati mangapi, vyoo vingapi, waalimu wangapi. Tusiseme kwa kukisia. Wazee wetu wawili waliostaafu ukarani wamekubali kufanya kazi hiyo. Hesabu hiyo iingie katika madai.

La tatu: ikiwa mgomo utatokea, ukumbi huu ufunguliwe kwa watoto tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Akina mama wa nyumba za reli wamesema wako tayari kupika uji ikiwa tawi litanunua unga. Mweka hazina anasema fedha za unga wa majuma mawili zipo. Za majuma matatu hazipo. Tunasema wazi ili tusiahidi kitu tusichonacho. Na mtoto asionekane tena akicheza kando ya reli.

La nne: tusiwaite waalimu majina mabaya mbele ya watoto. Hilo halina gharama, na mwaka 2012 lilitushinda.

Kuna ndugu atakayesema, "Hayo ni mambo ya waalimu, sisi ni watu wa reli." Tunamkumbusha Januari 1947, Mombasa, watu wa bandari na watu wa reli walipogoma pamoja. Hawakuuliza huyu anabeba gunia na yule anasukuma behewa. Na tunamkumbusha ya kwamba mwaka 1959 wanafunzi 81 wa kwanza walipopanda ndege kwenda kusoma Marekani, aliyekuwa mbele katika mpango ule alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa vyama vyetu vya wafanyi kazi. Wazee wale waliona ya kwamba shule ni kazi ya chama. Hatujui lini sisi tuliacha kuona hivyo.

Na kuna ndugu mwingine, tunamjua na tunamheshimu, ambaye anakopa kila muhula ili mtoto wake asome shule ya kulipia. Asidhani tumemsema vibaya. Anampenda mtoto wake. Tunamwomba kitu kimoja tu: asiondoke katika mkutano wa wazazi kwa kuwa mtoto wake ameondoka. Sauti yake tunaihitaji zaidi kuliko karo yake.

Ndugu zetu, mtoto yule aliyetuuliza mlangoni, "Mbona yeye anakwenda?", sasa ni kijana mkubwa. Haulizi tena. Lakini ana wadogo zake, na wao wataanza kuuliza. Tungependa safari hii tuwe na jibu.

Tunamwomba Bwana Mwenyekiti aweke mambo hayo manne mbele ya mkutano, moja moja, na kila mtu ainue mkono kwa lile analolikubali. Tumechoka kununiana.